Shakespeare anachekesha wapi? Jibu kwa msomaji aliyesinzia ukurasa wa tatu

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba aliacha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, kabatini, nimeisoma mara mbili. Nakumbuka kesi ya ratili ya nyama, lakini sikumbuki kama nilicheka. Nina duka la vitenge, jioni napata muda. Kila ninaposoma habari za Shakespeare naambiwa alikuwa mcheshi mno. Nimejaribu kwa Kiingereza chake, nasinzia ukurasa wa tatu. Je, ni mimi sielewi, au watu wanajifanya kucheka? Na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nikuondolee wasiwasi kwanza: wanaojifanya wapo. Nimekaa nao ukumbini. Utawajua kwa sababu wanacheka kabla utani haujafika, ili jirani ajue kwamba wao walishasoma. Hao tuwaache.

Kinachokusinzisha ni kwamba unamsoma kimya, peke yako, na kwa mpangilio, kama anayesoma kitabu cha historia. Unatafuta sentensi ya kuchekesha na huioni. Huioni kwa sababu mara nyingi haipo. Utani wake umo kwenye jibu. Wewe mwenye duka unalijua hili kuliko maprofesa: mteja anaposhika kitenge akasema kimechuja, nawe ukamrudishia neno mpaka duka zima likaangua kicheko, jaribu kumsimulia mtu nyumbani lile jibu lako tu, bila maneno ya mteja. Hacheki mtu. Shakespeare ni hivyo hivyo. Ni ladha ile ile ya malenga wa Mombasa na Lamu waliporushiana beti enzi za Muyaka, na ladha ya mipasho ya taarabu: raha yake ni kumwona mtu akipigwa neno, akiyumba, kisha akirudi na kali zaidi.

Ndiyo maana ningependa uanze na Much Ado About Nothing, iliyochapwa mwaka 1600. Jina lake tuseme ni "Kelele za Bure". Inatokea Messina, kisiwani Sicily. Wanajeshi wanarudi kutoka vitani, na kabla hawajafika, Beatrice anamuuliza mjumbe habari za mmoja wao, Benedick: ameua na kula watu wangapi vitani? Au niulize ameua wangapi tu, maana niliahidi kuwala wote atakaowaua yeye. (Tafsiri zote humu ni zangu, za haraka haraka, usinidai mizani.) Benedick anaingia, anaongea na wakubwa, na ghafla:

"Nashangaa bado unaongea, bwana Benedick. Hakuna anayekusikiliza."

"Ala! Bibi Dharau! Kumbe ungali hai?"

"Dharau itakufaje, na wewe chakula chake upo?"

Tulia hapo. Ukiipita mbio utasema wanatukanana, basi. Lakini itazame ile sentensi ya kwanza. Anasema hakuna anayemsikiliza, na amejuaje kwamba bado anaongea? Yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza, pengine peke yake. Tayari tumeshajua siri ambayo wao wenyewe wataigundua baada ya saa nzima. Mbele kidogo Beatrice anaambiwa kwamba ameupoteza moyo wa Benedick, naye anajibu kwa lugha ya mkopo: kweli, aliwahi kuniazima moyo huo, nami nikamlipa na riba, moyo maradufu kwa mmoja wake. Watu jukwaani wanacheka. Mwigizaji mzuri wa kike hapo hachekeshi, analisema taratibu, na ukumbi unanyamaza. Kumbe walishapendana zamani, mambo yakaharibika, na haya matusi yote ni kovu.

Kisha rafiki zao wanawatega. Wanaume wanazungumza kwa sauti karibu na Benedick aliyejificha bustanini, kwamba Beatrice anakufa kwa kumpenda. Mtu huyu, aliyekuwa amekula kiapo cha useja, anatoka mafichoni na kujitetea mbele yetu: niliposema nitakufa sijaoa, sikudhani kama ningeishi mpaka siku ya kuoa. Saa hiyo hiyo Beatrice, ambaye bado hajategwa, anatumwa kumwita chakulani. "Nimetumwa, bila kupenda kwangu, nije nikuite ule." Anageuka, anaondoka. Benedick anabaki akiyachambua maneno yale kama mganga anayesoma ramli: "bila kupenda kwangu... hapo pana maana mbili." Maana mbili hazipo. Ipo moja, na ni chuki tupu. Hapo ndipo mimi hucheka kila mwaka, maana hakuna mtu aliyewahi kupenda ambaye hajafanya hesabu za namna hiyo juu ya salamu ya kawaida.

Utaona pia kwamba tamthilia hii kwa sehemu kubwa ni nathari, maneno ya kuongea, si ushairi. Kwa msomaji mgeni hilo ni afueni kubwa.

Sasa Falstaff, kwa sababu wewe unauza vitambaa na kisa chenyewe ni cha vitambaa. Kimo ndani ya Henry IV. Zipo mbili, chukua ya kwanza, na ndani yake fungua sehemu ya 2, onyesho la 4. Falstaff ni mzee mnene, mlevi, mwongo, rafiki wa mrithi wa ufalme. Amekwenda na wenzake kupora wasafiri barabarani. Mwana wa mfalme na rafiki yake Poins wakajifunika nguo za kitambaa kigumu cha bei rahisi, wakawavamia hao waporaji na kuwanyang'anya mali ileile. Falstaff alikimbia akipiga mayowe. Baadaye anaingia kilabuni, akiwa ameukwangua upanga wake kwa jambia ili uonekane umepigana, na anasimulia. Walimvamia watu mia. Nimewamaliza wawili, anasema, majahili wawili waliovaa kitambaa kigumu. Wanne walinijia.

"Wanne? Sasa hivi umesema wawili."

"Wanne. Nilikwambia wanne."

Sentensi mbili zaidi, wamekuwa saba. Kisha tisa. Kisha kumi na moja. Mwana wa mfalme anahesabu kwa sauti, na mzee hasiti hata kidogo. Kila akikamatwa, anaongeza. Halafu wanatokea wengine watatu waliovaa kitambaa cha kijani cha Kendal, wakamjia kwa nyuma, na ilikuwa giza kiasi kwamba huwezi kuona mkono wako mwenyewe. Basi ulijuaje kwamba nguo zao ni za kijani? Tuambie sababu. Na Falstaff anakasirika kwa heshima kubwa: nini, kwa kulazimishwa? Hata sababu zingekuwa nyingi kama matunda ya porini, mimi simpi mtu sababu kwa kulazimishwa!

Mwana wa mfalme anamwita mlima wa nyama. Majibu yanakuja mfululizo: wewe ng'onda, ulimi wa ng'ombe uliokaushwa, futi ya fundi cherehani, ala ya upanga, laiti ningekuwa na pumzi nitaje vyote unavyofanana navyo! Hiyo "ng'onda" sikuibuni. Kiingereza chake kinasema samaki wa kukaushwa, na sisi tunaosema mtu amekonda kama ng'onda tuko nyumbani kabisa. Na mwana wa mfalme, badala ya kukasirika: haya, vuta pumzi kidogo, kisha endelea. Jibu hilo fupi linanifurahisha kuliko matusi yote yaliyotangulia. Ni la mtu anayempenda mwongo wake.

Mwishowe ukweli unawekwa mezani: ni sisi wawili tuliokuvamia, sasa utajificha wapi? Hapo kuna kimya. Mwigizaji anayejua kazi yake anaurefusha kimya hicho mpaka watazamaji wanaanza kumwonea huruma. Kisha: wallahi, niliwajua kama alivyowajua aliyewaumba. Je, mimi ndiye wa kumuua mrithi wa ufalme? Simba hamgusi mwana halisi wa mfalme. Nilikuwa mwoga kwa silika. Umeona? Woga umegeuzwa uaminifu kwa dola, na aliyemshtaki amepata sifa ya kuwa mwana halali. Atamkatalia vipi?

Falstaff huyo huyo ndiye aliyepata Kiswahili jukwaani London. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe uliandaa tamthilia 37 kwa lugha 37, na Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor, ile ambayo Falstaff anaandika barua moja ya mapenzi, nakala mbili, kwa wanawake wawili walioolewa ambao ni mashoga wakubwa. Bila shaka wakaonyeshana. Wanamtia kwenye kapu la nguo chafu na kumtupa mtoni. Kundi lilitoka Nairobi, na Falstaff aliigizwa na Mrisho Mpoto wetu. Windsor ni mji wa Uingereza, lakini wake wawili wanaomkomesha mzee mwenye tamaa tunao kila mtaa.

Turudi kwenye kitabu cha baba yako. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na hiyo Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Jina tu lina mzaha ndani yake. Bepari zamani lilikuwa neno la mfanyabiashara, limetujia kutoka Bara Hindi. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani aliyesikia "mabepari" akawaza wachuuzi tu? Tena Kiingereza kinasema mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, si Shylock, yule Myahudi mkopeshaji, kama wengi wanavyodhani. Mwalimu akawafanya wengi. Ni maana mbili ambazo mwenyewe Shakespeare angezitamani.

Na ucheshi humo upo, ila kesi imeufunika. Rudi mwanzoni, pale Portia, binti tajiri, na Nerissa mtumishi wake wanapowachambua wachumba mmoja mmoja. Yule Mjerumani, anasema Portia, asubuhi akiwa hajanywa ni mbaya sana, na alasiri akishalewa ni mbaya mno. Nitafanya lolote, Nerissa, kabla sijaolewa na sifongo. Yule Mwingereza haelewi lugha yoyote zaidi ya yake, na koti kalinunua Italia, suruali Ufaransa, kofia Ujerumani, na tabia kila mahali. Kumbuka waliokuwa wakisikiliza ni Waingereza. Mzaha huo Shakespeare aliupenda. Katika Hamlet mchimba kaburi anaulizwa kwa nini yule mwana wa mfalme mwenye wazimu amepelekwa Uingereza. Apone akili, anajibu. Na asipopona si neno, kule hautaonekana, kule watu wote wana wazimu kama yeye.

Kuhusu Shylock sitakudanganya. Watu wa enzi ile walicheka Myahudi akidhalilishwa, na kicheko hicho leo kinakwama kooni. Usijilazimishe kukitafuta. Hali kadhalika The Taming of the Shrew, ambapo mume anamfuga mke kwa njaa na kumnyima usingizi: ina mapigano ya maneno mazuri, lakini usianze nayo. Na usiiguse Love's Labour's Lost mpaka uwe umeshazoea; nusu ya mizaha yake imekufa pamoja na waliokuwa wakiichekea.

Hilo nalo niseme waziwazi. Mizaha mingi yake ni ya matamshi, na hiyo haivuki bahari. Julius Caesar inafunguliwa na mshona viatu anayejitapa kwamba anatengeneza soli mbovu. Kwa Kiingereza soli na roho hutamkwa sawasawa, kwa hiyo anajisifu kama padri. Kwetu soli ni soli. Hata Samuel Johnson, Mwingereza aliyemheshimu sana, alilalamika mwaka 1765 kwamba Shakespeare akiona neno lenye maana mbili anaacha kila kitu na kulikimbilia. Ukikutana na mzaha unaohitaji maelezo ya mistari sita chini ya ukurasa, ruka. Hutakosa kitu.

Ila mara moja moja Kiswahili kinamzidi ujanja. Katika ile ile Much Ado yupo Dogberry, mkuu wa walinzi wa usiku, sungusungu hasa, mtu anayependa maneno makubwa na kuyatumia kinyume: anamwambia mhalifu kwamba kwa kosa hili utahukumiwa wokovu wa milele. Anawapa walinzi maelekezo. Uzuri wa sura ni majaliwa, lakini kusoma na kuandika mtu huzaliwa nako. Mlinzi mmoja anasema sisi ni afadhali tulale kuliko kupiga soga. Vizuri, anajibu mkuu, sioni kulala kunamkosea nani. Angalieni tu silaha zenu zisiibwe. Na tukimpata mwizi, tumkamate? Kisheria mnaweza, lakini agusaye lami huchafuka. Njia ya amani ni kumwacha aonyeshe ufundi wake, ajiibe aondoke.

Ajiibe! Neno lile lile, wizi ule ule, na kuondoka kimyakimya kule kule. Kiingereza kina mchezo huo na sisi tunao, bila kuazimana. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimama kitini.

Na uangalie alichokifanya na hao wajinga. Uongo unaosambaratisha harusi katika hadithi hii unawapita wakuu wote, wasomi na mashujaa. Wanaoukamata ni hao hao sungusungu, kwa bahati, wakiwa wamekaa kwenye benchi. Mhalifu mwenyewe anawaambia wakubwa: ambacho hekima yenu haikukigundua, wapumbavu hawa wamekianika.

Sehemu ya Dogberry iliandikwa kwa ajili ya mtu maalumu, Will Kemp, mchekeshaji mkubwa wa London. Tunajua kwa sababu katika chapa ya 1600, kwenye onyesho moja mpiga chapa ameacha jina "Kemp" mahali pa "Dogberry". Kemp alikuwa wa kurukaruka na kucheza ngoma; mwaka huo huo wa 1600 alicheza ngoma njia nzima kutoka London hadi Norwich. Alipoondoka kwenye kundi, nafasi ikashikwa na Robert Armin, mtu wa utani wa pole na nyimbo, na wachekeshaji wa Shakespeare wakabadilika: yule wa King Lear anamwambia mfalme ukweli unaouma, na hucheki kwa raha. Shakespeare alikuwa akiandika kwa vinywa alivyovijua, kama mtunzi wa taarabu anavyojua nani ataimba.

Hata kwenye Macbeth, dakika chache baada ya mauaji, anaingia bawabu mlevi anayeeleza kwamba pombe huleta mambo matatu: pua nyekundu, usingizi na mkojo. Na ashiki? Huileta na kuifukuza: inakupa hamu, inakunyang'anya uwezo. Hilo halihitaji mfasiri.

Zamani, mwaka 1867, Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapa Zanzibar kijitabu cha hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare. Hadithi zilifika salama. Utani ulibaki huko huko, maana ukisimulia kwamba Beatrice na Benedick walibishana kisha wakaoana, umesema kweli na hujasema kitu. Kwa hiyo usianze na muhtasari.

Fanya hivi. Tamthilia zote zinapatikana bure mtandaoni. Tafuta Much Ado, fungua sehemu ya 1, onyesho la 1, anzia pale mjumbe anapoulizwa habari za Benedick. Mtafute mtu wa kusoma naye kwa sauti, dada, shoga, hata mume akikubali. Wewe uwe Beatrice. Someni mkiwa mmesimama. Msikwame kwenye kila neno msilolijua, sikilizeni nani ana hasira na nani anajifanya. Dakika 20, mfunge. Kesho yake yule mzee na nguo zake za kitambaa kigumu, na mhesabu kwa vidole. Mkipata rekodi ya jukwaani ya maonyesho hayo, itazameni baada ya kusoma, msitangulize.

Ukishamaliza onyesho lile la kwanza, niandikie unadhani nani alishinda. Mimi nasema Beatrice. Mke wangu, ambaye kwa miaka 26 amekuwa akisoma upande wa Benedick kwa sababu mimi siwezi kumtendea haki, anasema Benedick alimwachia.